Jinsi ya kupima kama namba nzima ni mraba kamili

Mraba kamili ni namba nzima inayopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe. 49 ni mraba kamili kwa sababu 7 × 7 = 49. 50 siyo, maana hakuna namba nzima ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata 50. Sifuri imo kwenye kundi hili (0 × 0 = 0), na hakuna namba hasi hata moja iliyomo, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Ile namba inayozidishwa kwa yenyewe ndiyo kipeuo cha pili: 7 ni kipeuo cha pili cha 49.

Kwa 49 hakuna cha kupima, kichwa kinajibu chenyewe. Kazi inaanza ukipewa 2,641, au 1,522,756, au namba ya tarakimu 16 ambayo kikokotoo kinaionyesha nusu nusu.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Vipimo vyote vya mraba kamili viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni machujio: ni ya haraka, na yakisema "hapana" jibu ni hapana kweli, lakini hayana uwezo wa kusema "ndiyo". Aina ya pili ni uthibitisho: unatafuta namba nzima r, unazidisha r × r, na unalinganisha na namba uliyopewa. Makosa mengi katika kazi hii yanatokana na mtu kuona namba imepita machujio mawili matatu akaandika "ni mraba kamili" bila kuzidisha chochote.

Kwa nini basi tuhangaike na machujio? Kwa sababu miraba kamili ni michache. Kuanzia 1 hadi 1,000,000 ipo 1,000 tu, yaani moja katika kila namba elfu kwa wastani, tena kadiri unavyopanda ndivyo inavyoachana. Kati ya r² na mraba unaofuata kuna namba 2r ambazo si miraba. Kati ya 1,000² na 1,001² zimekaa namba 2,000. Ukiokota namba yoyote bila kuchagua, jibu karibu kila mara litakuwa hapana, kwa hiyo inafaa hapana hiyo ipatikane kwa gharama ndogo.

Tuite namba inayopimwa n.

Hatua ya 1: tarakimu mbili za mwisho

Anza na tarakimu ya mamoja. Mraba kamili huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9. Ukiona 2, 3, 7 au 8 mwishoni, kazi imekwisha: si mraba. Sababu ni nyepesi. Unapozidisha namba kwa yenyewe, tarakimu ya mwisho ya jibu inategemea tarakimu ya mwisho ya namba hiyo peke yake, na ukijaribu 0 hadi 9 zote hupati mwisho mwingine zaidi ya hizo sita.

Usiishie hapo, tazama na makumi. Tarakimu mbili za mwisho zina michanganyiko 100, lakini miraba kamili hutumia 22 tu. Huna haja ya kukariri orodha nzima, kanuni ni hizi:

- Ikiishia na 0, lazima ya makumi nayo iwe 0.
- Ikiishia na 5, lazima ya makumi iwe 2, yaani mwisho uwe 25.
- Ikiishia na 6, tarakimu ya makumi lazima iwe witiri: 16, 36, 56, 76, 96.
- Ikiishia na 1, 4 au 9, tarakimu ya makumi lazima iwe shufwa: 01, 21, 24, 44, 69, 89 na kadhalika.

Kwa hatua hii moja, isiyo na hesabu yoyote, namba 78 kati ya kila 100 zimeondoka. 4,386 inakataliwa (8 ni shufwa mbele ya 6). 9,951 inakataliwa (5 ni witiri mbele ya 1). 7,396 inapita.

Namba zenye sifuri mwishoni zihesabie sifuri zake. Idadi ikiwa witiri, si mraba. Ikiwa shufwa, ziondoe zote upime kilichobaki: 4,840,000 ina sifuri nne, zikitoka inabaki 484, ambayo ni 22². Jozi mbili za sifuri zinarudi kwenye kipeuo kama sifuri mbili, kwa hiyo kipeuo ni 2,200. Kosa linaloonekana mara nyingi hapa ni kurudisha sifuri zote nne.

Mwisho wa 25 una zawadi yake. Namba yoyote inayoishia na 5 inaweza kuandikwa 10k + 5, na mraba wake ni 100 × k × (k + 1) + 25. Maana yake, ukiiondoa 25 ya mwisho, kilichobaki lazima kiwe zao la namba mbili zinazofuatana. Kwa 7,225 kinabaki 72, ambayo ni 8 × 9, basi kipeuo ni 85. Na kwa kuwa zao la namba mbili zinazofuatana huishia na 0, 2 au 6 tu, tarakimu ya mamia mbele ya 25 lazima iwe mojawapo ya hizo. 3,525 inaanguka hapo hapo. Katika miisho yote, huu ndio pekee ambao chujio na uthibitisho vinakaribia kuwa kitu kimoja, kwa hiyo utumie kila unapojitokeza.

Hatua ya 2: jumla ya tarakimu

Jumlisha tarakimu zote za n. Jumla ikiwa na tarakimu zaidi ya moja, jumlisha tena, mpaka ibaki moja. Mraba kamili (ukiacha sifuri) huishia kwenye 1, 4, 7 au 9. Ukipata 2, 3, 5, 6 au 8, kataa.

Kinachofanyika ni kwamba jumla ya tarakimu hutunza baki la kugawanya kwa 9, na miraba ikigawanywa kwa 9 huacha baki 0, 1, 4 au 7 peke yake.

Mfano mzuri ni 1,000,000,000,001. Mwisho wake ni 01, unapita hatua ya kwanza. Ukiiweka kwenye kikokotoo cha tarakimu 10 na kubonyeza alama ya kipeuo, kioo kitaonyesha 1000000 bila desimali, kana kwamba jibu limetimia. Kipeuo halisi ni 1,000,000.0000005 hivi, na kioo hakina nafasi ya kuonyesha mkia huo. Jumla ya tarakimu inatoa 2. Si mraba, na imegunduliwa kwa kujumlisha moja na moja.

Jumla ikitoa 9, n inagawanyika kwa 9. Unaweza kuigawanya na kuendelea na namba ndogo zaidi, kwa sababu 9 yenyewe ni mraba: n ni mraba kamili ikiwa tu n ÷ 9 nayo ni mraba kamili.

Hatua ya 3: shufwa kwa 4, witiri kwa 8

Namba ikiwa shufwa, igawanye kwa 4, na urudie hadi ipatikane namba witiri. Ikifika mahali ni shufwa lakini haigawanyiki kwa 4, si mraba. Chukua 136: mwisho wake 36 ni halali, jumla ya tarakimu ni 10, kisha 1, nayo ni halali. Lakini 136 ÷ 4 = 34, na 34 ni shufwa isiyogawanyika kwa 4. Imekataliwa.

Namba ikishakuwa witiri, igawanye kwa 8. Baki lazima liwe 1. Si lazima ugawanye namba nzima: 1,000 inagawanyika kwa 8 kamili, kwa hiyo tarakimu tatu za mwisho zinatosha. Kwa 683,529 unaangalia 529 tu: 8 × 66 = 528, baki 1, inapita.

Ukweli huu hauna ubaguzi hata mmoja, na unaonekana kwa urahisi. Namba witiri ni 2k + 1. Mraba wake ni 4 × k × (k + 1) + 1. Kati ya k na k + 1 lazima moja iwe shufwa, hivyo 4 × k × (k + 1) hugawanyika kwa 8. Inabaki ile 1. Kwetu sisi hiki ni chujio lenye nguvu sana kwa kazi ya mkono, kwa sababu linaondoa robo tatu ya namba witiri zote, nalo linategemea tarakimu tatu tu.

Hatua ya 4: kumi na moja, ukitaka

Toa na ujumlishe tarakimu kwa zamu, ukianzia kulia: ya kwanza jumlisha, ya pili toa, ya tatu jumlisha, na kuendelea. Matokeo yapunguze (au yaongeze, kama ni hasi) kwa 11 hadi yawe kati ya 0 na 10. Mraba kamili hutoa 0, 1, 3, 4, 5 au 9.

Jaribu 1,729. Mwisho wa 29 unapita. Jumla ni 19, kisha 10, kisha 1: inapita. Ni witiri, na 729 ikigawanywa kwa 8 inaacha 1: inapita. Sasa kwa 11: 9 − 2 + 7 − 1 = 13, toa 11, inabaki 2. Haimo kwenye orodha, basi si mraba.

Machujio haya manne kwa pamoja huacha chini ya namba 4 kati ya kila 100. Bado hizo zilizoachwa si lazima ziwe miraba. Tazama 2,641: mwisho wa 41 ni halali; jumla ya tarakimu ni 13, kisha 4, halali; 641 kwa 8 inaacha 1, halali; 1 − 4 + 6 − 2 = 1, halali. Hata ukigawanya kwa 7 inaacha 2, na miraba ikigawanywa kwa 7 huacha 0, 1, 2 au 4, kwa hiyo hapo pia inapita. Na 2,641 si mraba kamili: 51² ni 2,601 na 52² ni 2,704, nayo imekaa katikati. Weka namba hii akilini kila unaposhawishika kuandika jibu kabla ya kuzidisha.

Mahali ambapo machujio yanaonyesha thamani

Katika karne ya 17 Pierre de Fermat alieleza njia ya kuvunja namba witiri n kuwa vigawo viwili: tafuta namba a ambayo a² − n ni mraba kamili, tuseme b²; basi n = (a − b) × (a + b). Shida ni kwamba lazima upime mraba kamili tena na tena. Tuchukue 4,429. Kipeuo chake ni 66 na ushee, kwa hiyo tunaanza na a = 67:

67² − 4,429 = 60 (sifuri moja, hapana)
68² − 4,429 = 195 (mwisho 95, hapana)
69² − 4,429 = 332 (mwisho 2, hapana)
70² − 4,429 = 471 (7 witiri mbele ya 1, hapana)
71² − 4,429 = 612 (mwisho 2, hapana)
72² − 4,429 = 755 (mwisho 55, hapana)
73² − 4,429 = 900 = 30²

Kwa hiyo 4,429 = (73 − 30) × (73 + 30) = 43 × 103. Namba sita zimekataliwa kwa kutazama tarakimu mbili za mwisho peke yake. Hakuna kipeuo hata kimoja kilichotafutwa hadi ya saba.

Anayesoma milinganyo ya kipeo cha pili hukutana na jambo hilo hilo. Mlinganyo ax² + bx + c = 0 wenye a, b na c namba nzima huvunjika kwa vigawo vya namba nzima pale tu b² − 4ac inapokuwa mraba kamili. Kwa 6x² + 7x − 20, hesabu ni 49 + 480 = 529 = 23², basi vigawo vipo: (3x − 4)(2x + 5). Ikitoka namba inayoishia na 7 au 8, acha kupoteza muda ukitafuta vigawo.

Hatua ya 5: uthibitisho

Sasa tunatafuta r. Zipo njia kadhaa, na inayofaa inategemea ukubwa wa namba.

*Kukadiria, kwa namba hadi tarakimu sita hivi.* Gawa tarakimu za n katika jozi kuanzia kulia. Idadi ya mafungu ndiyo idadi ya tarakimu za kipeuo. Kwa 54,756 mafungu ni 5 | 47 | 56, kwa hiyo kipeuo kina tarakimu tatu. Chukua mafungu mawili ya mbele, 547: 23² = 529 na 24² = 576, basi kipeuo kinaanza na 23. Namba inaishia na 6, basi kipeuo kinaishia na 4 au 6. Kuchagua kati ya 234 na 236, pima 235²: 23 × 24 = 552, bandika 25, ni 55,225. Hii imeizidi 54,756, kwa hiyo mgombea ni 234. Zidisha: 234 × 234 = 54,756. Ni mraba kamili.

Huo mtindo wa kupima ya katikati inayoishia na 5 unaokoa muda mwingi, kwa sababu mraba wake hupatikana kwa kuzidisha namba mbili zinazofuatana tu.

*Kuvunja kwa namba tasa.* Gawanya n kwa 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Ni mraba kamili ikiwa kila namba tasa imejitokeza mara shufwa. 7,056 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 7 × 7; chukua nusu ya kila kundi, 2 × 2 × 3 × 7 = 84. Njia hii ni nzuri darasani na kwa namba zenye vigawo vidogo. Kwa namba kubwa iachwe: kutafuta vigawo ni kazi ngumu kuliko kutafuta kipeuo, na mtu anaweza kugawanya ukurasa mzima kwa swali ambalo lilihitaji mistari minne. Sehemu moja tu ya njia hii inafaa kila mara: ukiona n inagawanyika kwa namba tasa lakini haigawanyiki tena kwa namba hiyo hiyo, simama, si mraba.

*Kipeuo kwa mtindo wa kugawanya.* Hii ndiyo njia ya kutegemea kwenye karatasi, maana inatoa tarakimu moja baada ya nyingine na mwishoni baki linajibu swali lenyewe. Tuifuate kwa 1,522,756.

Gawa jozi kutoka kulia: 1 | 52 | 27 | 56. Fungu la kwanza la kushoto linaweza kuwa na tarakimu moja au mbili.

Tafuta namba kubwa kabisa ambayo mraba wake hauzidi fungu la kwanza. Hapa ni 1. Andika 1 kwenye jibu; 1 − 1 = 0.

Shusha fungu linalofuata: 52. Zidisha jibu la sasa kwa 2: 2. Tafuta tarakimu ya kubandika nyuma ya hiyo 2, kisha namba iliyopatikana izidishwe kwa tarakimu hiyo hiyo, bila kuzidi 52. 22 × 2 = 44 inafaa; 23 × 3 = 69 inazidi. Jibu sasa ni 12, baki 8.

Shusha 27: 827. Mara mbili ya 12 ni 24. 243 × 3 = 729 inafaa; 244 × 4 = 976 inazidi. Jibu ni 123, baki 98.

Shusha 56: 9,856. Mara mbili ya 123 ni 246. 2,464 × 4 = 9,856 kamili. Jibu ni 1,234, baki 0.

Baki la mwisho likiwa 0, n ni mraba kamili na kipeuo chake ndicho hicho. Likiwa zaidi ya 0, si mraba, na hakuna haja ya kuendelea kwenye desimali.

Yanayoharibika hapa ni matatu. La kwanza, kugawa jozi kutoka kushoto: 1,522,756 ikigawanywa 15 | 22 | 75 | 6 unatafuta kipeuo cha namba nyingine kabisa. La pili, kusahau sifuri. Chukua 93,025: mafungu ni 9 | 30 | 25. Jibu la kwanza 3, baki 0. Shusha 30; mara mbili ya 3 ni 6, lakini 61 × 1 = 61 tayari inazidi 30. Tarakimu ni 0, na lazima iandikwe: jibu sasa ni 30. Shusha 25: 3,025; mara mbili ya 30 ni 60; 605 × 5 = 3,025. Kipeuo ni 305. Aliyeruka sifuri hataipata 605. Atakuwa anahangaika na 6 badala ya 60 na hesabu yake haitafunga. La tatu, kuchagua tarakimu ndogo mno. Kinga yake ipo: katika kila hatua baki lisizidi mara mbili ya jibu la wakati huo. Kwa jibu 12 baki halipaswi kuzidi 24 (tulipata 8). Kwa 123, halipaswi kuzidi 246 (tulipata 98). Likizidi, rudi uongeze tarakimu.

*Njia ya Heron.* Heron wa Alexandria, katika karne ya 1, alieleza namna ya kukaribia kipeuo kwa wastani: kama x ni kubwa kuliko kipeuo, n ÷ x ni ndogo kuliko kipeuo, na wastani wa hizo mbili uko karibu zaidi. Kwa kazi yetu tunatumia namba nzima tu na kutupa sehemu yoyote ya desimali. Anza na x isiyopungua kipeuo. Kwa 119,716 (tarakimu sita, kipeuo cha tarakimu tatu, fungu la mbele ni 11) tuanze na 400:

119,716 ÷ 400 = 299; wastani wa 400 na 299 ni 349.
119,716 ÷ 349 = 343; wastani wa 349 na 343 ni 346.
119,716 ÷ 346 = 346; wastani ni 346, haujashuka tena. Simama.

346 × 346 = 119,716. Ni mraba kamili.

Na ile 2,641, tukianza na 60: 2,641 ÷ 60 = 44, wastani 52; 2,641 ÷ 52 = 50, wastani 51; 2,641 ÷ 51 = 51, wastani 51. Simama. 51 × 51 = 2,601, pungufu kwa 40. Si mraba.

Kanuni ya kusimama ni "mpaka thamani mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani". Usiandike "mpaka thamani mbili zilingane", kwani kuna namba ambazo hazitalingana milele. Jaribu 24 kuanzia 5: 24 ÷ 5 = 4, wastani 4; 24 ÷ 4 = 6, wastani 5; kisha 4, kisha 5, bila mwisho. Jambo hilo huzipata namba zilizo pungufu ya mraba kwa moja tu, na programu iliyoandikwa hivyo huganda bila kutoa ujumbe wowote wa kosa.

Kwenye kompyuta

Kosa lililozoeleka ni kuita kipeuo cha desimali, kisha kuuliza kama jibu lina sehemu ya desimali. Namba za desimali za kawaida za kompyuta hubeba biti 53 (yaani tarakimu 53 za 0 na 1) za usahihi, na kipeuo huzungushwa ili kienee humo. Kwa 4,503,599,761,588,224 mashine itakujibu 67,108,865 kamili, bila mkia. Zidisha: 67,108,865² = 4,503,599,761,588,225. Imepishana kwa moja. Chujio la tarakimu mbili za mwisho haliwezi kukuokoa hapa, kwa sababu 24 ni mwisho halali. Kinachookoa ni kuzidisha kwa namba nzima.

Katika lugha ya programu ya Python, kuanzia toleo la 3.8, kuna isqrt, inayotoa kipeuo bila sehemu ya desimali na kufanya kazi kwa namba nzima pekee hata zikiwa na mamia ya tarakimu:

    import math

    def ni_mraba(n):
        if n < 0:
            return False
        if n % 16 not in (0, 1, 4, 9):
            return False
        r = math.isqrt(n)
        return r * r == n

Mstari wa n % 16 ni chujio: miraba ikigawanywa kwa 16 huacha 0, 1, 4 au 9 tu, kwa hiyo robo tatu ya namba zinaondoka kwa hesabu moja ndogo. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, na baki la 16 kwake ni biti nne za mwisho, kama sisi tunavyosoma tarakimu ya mamoja. Jumla ya tarakimu, iliyo rahisi kwa mkono, kwa mashine ni mzigo. Tumia n % 9 badala yake.

Katika lugha ambazo namba nzima zina ukubwa maalumu, angalia r × r isifurike. Kwa biti 32 zenye alama (ya chanya au hasi), kikomo ni 2,147,483,647. 46,340² inaingia (2,147,395,600), lakini 46,341² ni 2,147,488,281 na haiingii, hugeuka kuwa hasi au kitu kingine kisichotabirika. Kwa biti 64 zenye alama, r kubwa kabisa inayoruhusiwa ni 3,037,000,499. Kabla ya kuzidisha, pima kama r imevuka kikomo hicho, au linganisha kwa kugawanya: n ÷ r itoe r kamili bila baki, na hapo n = 0 ishughulikiwe peke yake mapema ili usigawanye kwa sifuri.